Kabichi ya Mzee Nechifor

Asubuhi hiyo jalidi, ule umande ulioganda, ilianguka kwa mara ya kwanza msimu ule, na mti wa jozi uliokuwa uani kwa Mzee Nechifor Bostan ukaamua kumwaga majani yake yote kwa pamoja. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa utando wa buibui. Jani lilikatika lenyewe, likashuka polepole, likalala juu ya wenzake. Inspekta Leontina Harabagiu alisimama langoni, kitambaa chake cha sufu amekifunga mpaka chini ya kidevu, akautazama ua ule kwa muda mrefu kabla ya kuingiza mguu.

"Afande, tutaganda hapa," alisema Sajini Pintilie, askari wa kijiji cha Gura Prisacii, mtu mnene wa masharubu, huku akipuliza viganja vyake. "Tumeshachimba, tumeshapekua, tumeshahoji mpaka mbwa. Jalada limekamilika. Kesho mwendesha mashtaka anamchukua Tudorel, nasi tunapata usingizi."

"Maiti iko wapi, Pintilie?"

"Bwawani. Kofia ya mzee si ilikutwa kando ya bwawa?"

"Nimeuliza maiti. Kofia naijua ilipo, iko mezani kwangu."

Sajini akajikuna shingo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Nechifor, mjane wa miaka sabini na kitu, alitoweka baada tu ya sikukuu ya Mtakatifu Dumitru, mwishoni mwa Oktoba, alipokwisha kujaza pipa lake la kabichi ya kuchachusha kwa maji ya chumvi, akiba ya msimu wa baridi. Siku hiyo alitembelewa na mkwewe Tudorel, mume wa Catinca, binti yake wa pekee, wanaokaa mjini. Mkwe na mzee waligombana uani mpaka maneno yakasikika barabarani. Tangu hapo mzee hakuonekana tena. Tudorel alipohojiwa mara ya kwanza alikana kabisa kwamba alifika kijijini. Jirani akasema, mimi nilimwona kwa macho yangu akitoka langoni, na mkono wa koti lake una damu. Njia ya mwongo ni fupi. Tudorel akakamatwa jioni hiyohiyo, na sasa alikuwa akisubiri kushtakiwa kwa kumuua baba mkwe wake.

"Majibu ya damu yamekuja jana," Leontina alisema, akianza kutembea. "Maabara wanasema ni damu ya ndege. Tudorel naye sasa amekiri kwamba alikuja, anasema alikana kwa woga, na kwamba damu ni ya bata bukini aliyemchinjia mzee, amfurahishe."

"Basi siku hiyo alichinja wawili."

"Wewe una mzaha mbaya."

"Nina baridi, afande."

Wakapita penye tuta la udongo uliofukuliwa nyuma ya banda la kuku. Hapo ndipo vijana wa Pintilie walipochimba kwa siku nzima wakidhani wamelipata kaburi.

"Mlipata nini humu?" Leontina aliuliza, ingawa alikuwa amesoma.

"Karoti, afande. Na viazisukari vyekundu. Mzee alivilaza kwenye majani makavu, akavifukia visigande. Kazi safi."

"Mkavirudisha?"

Sajini akatazama pembeni. "Vingi."

Leontina hakucheka, ila pembe ya mdomo wake ilisogea. Alikuwa mtoto wa wakulima wa mizabibu, ingawa sasa alikaa nyumba ya ghorofa na ofisi yake ilikuwa na mashine ya kahawa. Ua wa mtu aliusoma kama wengine wasomavyo uso. Hapa mizabibu ilikuwa bado imesimama kwenye nguzo zake, haijalazwa wala kufunikwa udongo dhidi ya baridi, na majani ya manjano yakining'inia. Maua makubwa ya kando ya ngazi yalikuwa meusi kwa jalidi, na hakuna aliyeng'oa mizizi yake minene kuihifadhi ndani. Ndoo ya chokaa ilikaa chini ya mti wa plamu ikiwa imeganda juu, brashi imesimama ndani yake kama mwiko kwenye ugali. Mti mmoja ulikuwa umepakwa shina lote, mwingine nusu. Mtu alikatizwa kazini, hilo lilionekana wazi.

Karatasi ya polisi yenye mhuri ilikuwa bado imebandikwa mlangoni, haijaguswa.

"Hodi!" ilisikika sauti kutoka langoni.

Alikuwa Catinca, binti wa mzee, mwanamke mrefu aliyevaa nguo nyeusi kuanzia kitambaani mpaka viatuni. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nabusu mkono, afande," alisalimu kwa desturi ya huko. "Nimekuja kuomba ruhusa ya kuchukua suti ya baba. Padri anasema tunaweza kumfanyia ibada hata kama mwili haujapatikana. Na nguo zake nzuri nitaziweka mezani, badala yake mwenyewe."

"Ngoja kwanza, binti yangu. Umekwenda kumwona mumeo?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Aliniomba soksi za sufu. Nimempa askari wa zamu ampelekee."

"Rudia yale maneno mumeo aliyoyasema juu ya baba yako. Kama ulivyoyasikia."

Catinca alivuta pumzi. "Aliyasema nyumbani kwetu, asubuhi kabla ya kuja huku. Alisema, 'Mwaka huu mzee atatoka kwenye ile nyumba, kwa miguu yake au kwa ubao.' Mimi ndiye niliyewaambia polisi. Ningefanyaje? Niliulizwa."

"Na wewe ulielewaje? Ubao wa jeneza?"

"Siku ile nilielewa ni hasira. Tudorel ni mtu wa maneno makubwa. Baadaye, kofia ilipopatikana..." Akaacha hapo. "Afande, baba yangu nilimpenda. Na mume wangu nimelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa msichana. Sasa nikifumba macho sijui nimlilie yupi, kwa hiyo silali."

"Kaa kwenye benchi hapo. Suti tutaichukua pamoja nikimaliza."

Leontina akarudi katikati ya ua, akasimama chini ya mti wa jozi, akainama. Pintilie akainama naye, asijue anainamia nini.

"Majani haya yameanguka lini?"

"Tangu leo alfajiri, afande. Jozi ndivyo ilivyo. Ikipigwa na jalidi tu, inavua nguo yote."

"Haya. Tazama kutoka langoni mpaka hapa. Nyayo za nani?"

"Zangu, zako, na za huyu bibie."

"Na mlangoni pa nyumba?"

"Hakuna. Zulia la majani tu."

"Sasa geuka, tazama kule kwenye mlango wa pishi."

Pishi la mzee halikuwa ndani ya nyumba. Lilichimbwa kwenye kilima kidogo nyuma ya ua, kama tundu la mnyama, na mlango wake wa mbao ulikuwa mfupi, wa kuingia umeinama. Kutoka mlango ule mpaka kwenye uzio wa nyuma, majani yalikuwa yamekanyagwa. Yaligeuzwa upande wake mweusi wenye unyevu, na jalidi iliyokuwa juu yake ilikuwa imevunjika. Mstari ulikwenda na kurudi, ukaishia penye mbao mbili za uzio zilizolegea.

Sajini akapiga mluzi mdogo. "Mwizi?"

"Piga picha kwanza, mwizi baadaye. Na usikanyage."

Alipiga picha akiwa ameweka kalamu yake kando ya nyayo ili ukubwa uonekane. Kisha wakazunguka pembeni mpaka mlangoni pa pishi.

"Humu mliweka karatasi ya mhuri?"

"Hapana, afande. Tulipekua siku ya kwanza, tukakuta viazi, pombe ya plamu na pipa la kabichi. Nani atafunga kabichi kwa mhuri?"

Ufunguo ulikuwa chini ya chungu kilichovunjika, mahali ambapo kila mtu wa kijiji kile huweka ufunguo wa pishi na kila mtu hudhani ni siri yake. Leontina alivaa glavu, akafungua. Baridi tulivu ya udongo iliwapokea. Sajini akavuta kitambaa chake akaziba pua.

"Una nini?"

"Najiandaa, afande. Hilo pipa limekaa muda wote huu bila mtu. Unajua litakavyonuka?"

"Kwenu nani hutia kabichi pipani?"

"Mama mkwe wangu hutia. Mimi ndiye mpulizaji. Kila baada ya siku chache nateremsha mpira wa maji mpaka chini kabisa ya pipa, napuliza mpaka maji ya chumvi yachemke kwa mapovu na ile hewa mbaya itoke. Napuliza mpaka naona nyota mchana."

"Na ukiacha? Tuseme ukaenda safari ukasahau, wiki hizi za mwanzo."

"Maji yanakuwa mazito, yanavutika kama ute. Juu unaota utando mweupe. Kabichi inalegea, inanuka kama kinamasi. Na mimi nahamia kwa kaka yangu, maana mama mkwe hatanisamehe mpaka Pasaka."

"Funua."

Pintilie aliondoa kitambaa cha pipa na ubao wa juu, akabana pumzi. Akaingoja harufu. Kisha polepole akashusha kitambaa puani mwake, akanusa, akanusa tena, na uso wake mnene ukabadilika.

"Mama yangu," alisema.

Pipa lilinukia vizuri. Lilinukia uchachu safi, kitunguu saumu, mahindi na shibiti kavu, kama jikoni mwa mtu aliye hai. Leontina alimulika tochi. Maji yalikuwa maangavu, yenye wekundu mdogo wa kiazisukari, na chini yake kabichi zimekaa ngumu na nyeupe, jiwe la mtoni likizikandamiza. Akachovya kijiko alichokikuta ukutani, akaonja. Akavunja kipande cha jani, akatafuna. Likalia katikati ya meno.

"Kabichi hii imepulizwa juzi, au leo," alisema.

"Labda binti yake?"

"Anakaa mjini, na leo ndiyo kwanza ameingia, nyayo zake ziko langoni. Mwizi je? Mwizi angechukua pombe ya plamu. Wewe ungeacha pombe upulize kabichi?"

"Siwezi kula kiapo, afande, lakini nadhani hapana."

Mpira ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. Leontina aliushusha. Ncha moja ilikuwa na unyevu wa chumvi, ncha nyingine imefungwa kitambaa safi, ili mdomo usiguse mpira. Aliutia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika tarehe, akampa Pintilie atie sahihi.

"Mate ya mtu yako hapa. Lakini maabara itachukua muda, na Tudorel anaondoka kesho. Twende tuufuate huo mstari."

"Afande, unafikiri ni yeye? Mzee mwenyewe?"

"Mtu anaweza kumkimbia mke, akamkimbia mkwe, akamkimbia hata polisi. Kuacha kabichi yake ilegee, hapo ndipo watu wa huku wanaposhindwa. Lakini sijasema kitu. Nyamaza, na usimwambie Catinca neno. Tukikosea tutakuwa tumemuua baba yake mara mbili."

Upande wa pili wa uzio ilikuwa nyumba ya Bibi Safta, yule yule jirani aliyeliona koti lenye damu. Katika kichochoro kile kizima, dohani zilizokuwa zikitoa moshi kila majira ya baridi zilikuwa mbili tu, ya Safta na ya Nechifor. Nyumba nyingine zote zilifungwa, wenyewe wako Italia na Uhispania wakichuma nyanya za watu. Wakazunguka kwa barabara na kubisha hodi langoni kama watu wenye adabu.

Bibi Safta alitoka akijifuta mkono kwenye aproni. Mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa kwenye plasta, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cha maua. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye macho ya kunguru.

"Karibuni, karibuni. Pintilie, mbona umenenepa? Mkeo anakulisha wewe au nguruwe?"

"Sote wawili, bibi, kwa zamu."

"Nabusu mkono, Bibi Safta," Leontina alisema. "Mkono huo vipi?"

"Nilianguka kutoka kwenye ngazi wakati wa plamu. Daktari anasema mpaka Krismasi."

"Pole sana. Ua wako unapendeza."

Na kweli ulipendeza. Majani yalikuwa yamesombwa, yamerundikwa kando mbali na mboga. Kila mti ulikuwa umepakwa chokaa, nyeupe na sawasawa, mpaka kwenye maungio ya matawi ambako bibi huyu asingefika hata kwa kiti. Kuni zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa chini ya paa mpaka juu. Nyuma ya nyumba, mizabibu ilikuwa imekatiwa, imelazwa chini, na safu karibu zote zimefunikwa udongo mweusi mbichi.

"Huwa nafanya polepole," bibi alisema.

"Kwa mkono mmoja?"

"Nilipata kibarua."

"Nani?"

"Mpita njia. Sikumuuliza jina."

"Alipita lini?"

"Siku zile."

Leontina aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa, akaufungua mfuko wake, akatoa karatasi ya maelezo. Hakuwa na haraka. Alijua kwamba wazee ukiwafukuza hukimbia, ila ukikaa, na wao hukaa.

"Bibi, leo asubuhi mtu ameingia kwenye pishi la Mzee Nechifor. Ameingia kwa kupitia uzio wako."

"Mimi huyo," Safta alisema upesi. "Niliihurumia kabichi. Mtu amekufa, je, na kabichi nayo ife? Nimekwenda nikaipuliza."

"Uliondoa jiwe?"

"Niliondoa."

"Jiwe lile Pintilie amelitazama tu akashika kiuno. Wewe umelitoa kwa mkono wa kushoto?"

"Mimi ni mtoto wa kazi."

"Sawa." Leontina akatoa mpira uliokuwa ndani ya mfuko, akauweka juu ya meza. "Sitauchafua ushahidi. Lakini kisimani kwako naona mpira kama huu. Pintilie, jaza ndoo maji. Bibi, tupulizie kidogo tu tuone mapovu."

Pintilie alijaza ndoo. Bibi Safta alishika mpira, akautia mdomoni, akavuta pumzi. Kikohozi kikamkamata kabla hajapuliza hata povu moja, kikohozi kirefu cha kifua kibovu, mpaka Pintilie akamshika begani na kumkalisha. Alipotulia, machozi yalikuwa yamemtoka, na haikujulikana ni ya kikohozi au ya jambo lingine.

"Bibi," Leontina alisema kwa sauti ya chini, "ulituambia ulimwona Tudorel na damu kwenye koti."

"Nilimwona. Sikusema uongo."

"Ulituambia kweli, ukaacha nusu yake. Tudorel amekaa mahabusu kwa ile nusu uliyoacha. Kesho anapelekwa mkoani. Kule mtu haingii kwa wiki. Anaingia kwa miaka. Mzee Nechifor anajua?"

Safta alitazama plasta yake.

"Anajua nini?" akajibu hatimaye. "Anajua kwamba mnamtafuta ili mumpeleke mjini kwa binti yake. Ndivyo nilivyomwambia. Mkwewe alikuja siku ile kumchukua, gari limesimama barabarani, sanduku lake la nyuma wazi. Mzee akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka bwawa ili mtu asimwone, upepo ukamchukulia kofia. Akaja hapa. Alisema, Safta, nifiche siku mbili tu, hasira zao zipoe. Kisha ninyi mkaja na majembe."

"Na Tudorel akakamatwa."

"Hilo sikumwambia. Ningemwambia, angetoka."

"Naam. Angetoka."

"Angetoka, wangemweka ghorofani, na mimi?" Sauti yake haikupanda. "Wewe unakuja na gari, afande, unaondoka na gari. Mimi jioni natazama kwenye kile kichochoro, naona dohani moja. Moja. Hiyo ikizimika, nitasema habari za asubuhi kwa nani? Kwa kuku?"

Leontina alifunga kalamu yake.

"Mwite."

Safta akainuka, akaenda mpaka kwenye pembe ya nyumba, akasema, si kwa kupaza sauti sana, "Nechifor. Njoo. Wamekuja."

Mlango wa jiko la kiangazi, kibanda cha kupikia nje, ukafunguka. Akatoka mzee mrefu aliyeinama kidogo, jembe mkononi, udongo mpaka magotini, mikono myeupe kwa chokaa. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu mume wa Safta, ndogo kwake, imekaa utosini kama kifuniko cha sufuria. Alimtazama Pintilie, akamtazama Inspekta.

"Basi mmeshinda," alisema. "Lakini mizabibu yangu bado haijalazwa. Nipeni hata kesho. Kule ghorofani nitakaa mpaka nife, hakuna haraka."

"Mzee, sikuja kukupeleka ghorofani," Leontina alisema. "Mimi ni mpelelezi wa mauaji."

"Kafa nani?"

"Wewe."

Mzee alicheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyecheka naye.

"Tudorel yuko mahabusu kwa kukuua," Leontina aliendelea. "Tangu wiki ile ulipoondoka. Kesho asubuhi anapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Binti yako yupo hapo kwako sasa hivi, amekuja kuchukua suti yako ya kuzikia."

Jembe likamteleza mkononi, likaanguka kwenye udongo bila sauti. Mzee Nechifor aligeuka taratibu kama mtu anayegeuza mkokoteni, akamtazama Safta.

"Uliniambia ni kwa ajili ya kunitafuta tu."

"Ndiyo."

"Uliniambia kijana yuko kazini kwake."

"Ndiyo, Nechifor. Nilikuambia."

"Majira ya baridi yaliyopita nilianguka kando ya jiko," mzee alisema, na sasa alikuwa anamweleza Inspekta, ingawa macho bado yalikuwa kwa Safta. "Nililala sakafuni siku nzima. Huyu hapa ndiye aliyeona dohani yangu haitoi moshi. Na yule kijana ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye gari, theluji kiunoni. Ndiyo maana alitaka kunitoa. Alinifokea kwa sababu aliogopa. Nami nilimfokea kwa sababu alisema kweli." Akavua ile kofia ndogo, akaiweka juu ya meza mbele ya bibi. "Tuondoke, afande. Kwa nini tumesimama?"

"Bibi Safta," Leontina alisema akiinuka, "kuidanganya polisi ni kosa. Kesho nitarudi na karatasi, utaandika maelezo yako yote, na hakimu atasema neno lake."

"Njoo," Safta alisema. "Heri uje na karatasi kuliko asije mtu."

Catinca alikuwa bado amekaa kwenye benchi chini ya mti wa jozi, majani yamemwangukia mabegani wala hakuyapangusa. Alipoinua uso akamwona baba yake anaingia langoni, kichwa wazi, udongo magotini, hakupiga kelele. Alisimama. Akaenda mpaka kwake, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaushikashika kama kipofu. Kisha akampiga kofi la kifuani, halafu jingine, na mzee akasimama apigwe.

"Nilikuombea!" alisema. "Nimekuwashia mishumaa! Baba, nimemfunga mume wangu kwa ajili yako!"

"Panda gari, mwanangu," mzee akasema. "Twende tukamfungue."

Njiani Pintilie alikuwa akiwasiliana na kituo kwa redio, akimwambia ofisa wa zamu asimame kwanza ndipo amweleze. Huko mjini walimkuta mwendesha mashtaka mwenyewe ameshapigiwa simu, amekuja na koti juu ya nguo za nyumbani. Leontina alimsimamisha Mzee Nechifor mbele yake, kitambulisho mkononi, akamwonyesha mkuu huyo picha za majani na za pipa, akasema kwa ufupi. Mwendesha mashtaka alisoma, akamtazama mzee, akasoma tena.

"Kabichi?" aliuliza.

"Kabichi, mheshimiwa."

"Mama yangu aliwahi kukosa harusi kwa ajili ya pipa," akasema, akatia sahihi.

Tudorel alitolewa kwa mlango wa pembeni. Alikuwa mtu mpana wa mabega, lakini koti lilimkaa kama la kuazima, na ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Alimwona mzee kwanza. Wakatazamana. Kisha Tudorel akauchukua mkono wa baba mkwe wake, wenye chokaa kama ulivyokuwa, akaubusu kwa desturi, na mzee akamvuta kichwa begani kwake akamshikilia hapo. Mzee alisema, "Umekonda," na mwingine akasema, "Na wewe umechafuka."

Catinca alikuwa amesimama karibu na ukuta. Alikuwa bado amevaa nguo za msiba.

Tudorel alimwona. Akaziona zile nguo kuanzia juu mpaka chini.

"Soksi zilifika," alisema.

"Ziliku... zilikutosha?"

"Ndiyo."

Askari wa zamu akamletea vitu vyake kwenye sahani ya bati: mkanda, saa, kamba za viatu. Tudorel aliketi kwenye benchi ya ukumbini, akaanza kupitisha kamba kwenye matundu. Kamba ilikosa tundu, ikakosa tena. Catinca akaja, akapiga magoti sakafuni mbele yake, akaichukua ile kamba mikononi mwake. Tudorel hakuondoa mguu. Alimtazama utosini kwa muda wote aliokuwa akiipitisha, tundu kwa tundu, mpaka akafunga fundo.

Catinca alipoushika mguu wa pili, Tudorel akaurudisha nyuma taratibu.

"Huu niachie," alisema.

Akainama, akaufunga mwenyewe, huku mkewe bado amepiga magoti anangoja.